Njuga, shanga na visu ishirini: shajara ya gulio la Jumamosi

Jumamosi, 7 Septemba

Tumeanza. Wamekuja watoto 14, wa miaka 8 hadi 12. Wengi wazazi wao ni wa Uvira, Bukavu na Kigoma. Wawili ni wa Mombasa, na mmoja mama yake ni Mswahili aliyekulia Maskati. Tunakutana katika chumba cha chini cha kanisa hapa Columbus, Ohio, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa sita mchana. Mpango ni Jumamosi kumi. Kiswahili ndiyo lugha ya darasa, na somo ni biashara ya mali kwa mali: kabla ya noti na kadi ya benki, mtu alipataje asichokuwa nacho? Nimeamua kulifundisha kwa historia ya nchi hii hii wanayokulia, miaka ile mabaharia wa Ulaya walipoanza kufika pwani za Amerika na kukuta watu wenye mali zao, bei zao na adabu zao za kuuziana.

Vifaa nilivyopata: maharage makavu kilo 5, pamba, shanga za kioo pakiti 6 (nyingi za buluu), njuga 14 za shaba nyeupe, pini za karatasi tulizozipinda zikawa ndoana, vitambaa vya kahawia vilivyokatwa kama ngozi za biva (mnyama wa mitoni mwenye manyoya mazito), na karatasi ya shaba nyekundu ninayoikata vipande vya ukubwa wa kucha.

Somo la kwanza halikwenda nilivyotaka. Nilianza na tarehe 12 Oktoba 1492, kwenye kisiwa ambacho wenyeji wake, Wataino, walikiita Guanahani. Christopher Columbus, baharia aliyetumwa na Hispania, mwenyewe aliandika kwamba aliwapa kofia nyekundu na shanga za kioo, nao wakaleta kasuku, nyuzi za pamba na mikuki. Kesho yake akaandika kwamba ameona mabunda 16 ya nyuzi za pamba yakitolewa kwa sarafu tatu ndogo za Kireno. Nikasimulia hivyo, nikanyamaza. Mvulana mmoja wa miaka 9 akasema, "Kumbe walikuwa wajinga." Darasa zima likacheka.

Binti mmoja wa miaka 11 hakucheka. Aliuliza, "Bibi yangu alikuwa anatoa mihogo, anapewa ndagala. Na yeye alikuwa mjinga?"

Sikuwa na jibu la maana papo hapo. Usiku huu nimekaa nalo, na naona kosa ni langu. Nimewapa watoto mzani wenye sahani moja. Wamesikia pamba ilikuwa na thamani gani machoni mwa baharia. Hawajasikia ushanga ulikuwa na thamani gani machoni mwa Mtaino. Kwa kuwa habari karibu zote zimeandikwa na upande mmoja, ni kazi yangu kuwatafutia sahani ya pili. Naandika mpango upya.

Jumamosi, 14 Septemba

Safari hii nilianza na swali: kwenu nyumbani kuna kitu gani kingi mpaka hamkioni tena? Majibu: mifuko ya plastiki, soksi zisizo na wenzake, vitabu vya shule, theluji. Kitu gani adimu? Maembe yenye utamu wa kweli. Sukari guru. Sauti ya babu, maana hupatikana siku mtandao wa Bukavu ukikubali.

Hapo nikawarudisha kwa Wataino. Dhahabu waliipata mitoni mwao. Shaba nyeupe hawakuwa nayo kabisa. Ilifika kwa merikebu, na wao wakaiita turey, neno lao la mbingu. Waliinusa. Tayari walikuwa na madini mengine waliyoyathamini kuliko dhahabu tupu, guanín, mchanganyiko wa dhahabu na shaba uliowafikia kutoka bara la kusini, na harufu yake ilikuwa sehemu ya thamani yake. Sasa fikiria njuga, zile kengele ndogo ambazo Wazungu walizifunga miguuni mwa mwewe wa kuwindia: zinang'aa, zinanukia mbingu, na zinalia watu wakicheza ngoma. Mwishoni mwa Desemba 1492 wenyeji walikuja merikebuni na vipande vya dhahabu mkononi, wakiomba njuga kwa kuuigiza mlio wake: chuq, chuque.

Niligawa njuga, moja kwa kila mtoto. Nikawaambia wafumbe macho, wainuse, halafu waitikise sikioni. Chumba kikatulia. Mvulana wa wiki iliyopita alibaki na yake puani muda mrefu, akasema inanuka kama ufunguo wa nyumba yao ya zamani.

Kisha nikawapa maneno ya mtu mmoja wa Wainnu, wenyeji wa Kanada, ambayo padri Mfaransa Paul Le Jeune aliyaandika mwaka 1634. Yule mwenyeji alimwambia kwa furaha kwamba biva anafanya kila kitu vizuri: anatengeneza sufuria, mashoka, mapanga, visu, mikate. Akaongeza kwamba Waingereza hawana akili, wanatoa visu 20 kama hivi kwa ngozi moja ya biva. Huku Ulaya, ngozi hiyo hiyo ilikuwa ikigeuzwa kofia ya bei kubwa, na mwenye duka la kofia bila shaka alimwona mwindaji kuwa ndiye asiye na akili.

Nikauliza: nani kamla mwenzake hapo? Walibishana dakika 20. Nimefurahi mno. Binti yule wa miaka 11 alisema, "Hakuna, Mwalimu. Kila mtu katoa kilichokuwa kingi kwake."

Jumamosi, 21 Septemba

Biashara ya kimya. Sheria ilikuwa moja: hakuna kusema, wala Kiswahili, wala Kiingereza, wala Kifaransa. Nusu ya darasa walikuwa merikebuni (upande wa jukwaa), nusu pwani.

Kabla ya kuanza niliwaeleza kwamba Columbus alibeba mkalimani, Luis de Torres, aliyejua Kiebrania na Kiarabu kidogo, kwa kuwa alidhani anakwenda Asia. Pale Cuba, Novemba 1492, alitumwa bara kumtafuta mfalme mkuu wa Wachina. Mtoto wa mama wa Maskati alicheka, akasema angeenda yeye: "Salaam aleikum! Halafu kimya."

Kazi yenyewe tuliichukua kwa Giovanni da Verrazzano, Mwitalia aliyetumwa na mfalme wa Ufaransa mwaka 1524, kwa sababu safari yake moja ina masoko mawili yasiyofanana hata kidogo. Katika ghuba ya wenyeji walioitwa Wanarragansett (leo ni jimbo la Rhode Island) alikaa siku 15. Watu walimpokea vizuri, lakini walichagua: njuga, ndiyo, vioo vya buluu vya kuning'iniza shingoni na masikioni, ndiyo, chuma hapana, hariri hapana, na dhahabu waliiweka mwisho kabisa kwa sababu ya rangi yake. Shaba nyekundu ndiyo waliyoipenda kuliko madini yote. Alipopanda kaskazini mpaka pwani ya mawe ya Maine, hali ikageuka. Wenyeji hawakumruhusu hata kushuka. Walisimama juu ya miamba, mawimbi yakipiga chini, wakateremsha mali zao kwa kamba hadi kwenye mashua, wakionyesha kwa mikono kwamba asisogee. Shanga hawakuzitaka. Walitaka visu, ndoana na chuma chenye makali, basi. Bidhaa zilipokwisha, waliwageuzia mabaharia makalio wakacheka.

Nilisita kama niwaambie hilo la mwisho. Nimewaambia. Ni sehemu ya historia, tena ni sehemu inayomtoa mtoto kwenye lile wazo kwamba wenyeji walikuwa watu wa kushangaa na kushukuru tu. Watu wa Maine walijua wanachotaka, na walijua pia hawataki ukaribu. Inawezekana mashua nyingine zilikuwa zimeshapita hapo kabla, zikawafunza.

Ngazi za chumba cha chini zilifaa kuwa mwamba. Tulishusha kapu kwa kamba. Mtoto wa juu aliweka ngozi mbili, wa chini akatia shanga kumi. Kapu likapanda, likashuka na shanga zile zile, hazijaguswa. Wa chini akatoa nusu ya shanga, akatia ndoana moja. Likarudi tena. Akatoa shanga zote, akatia ndoana tatu. Kapu likapanda, na juu tukasikia mtu akipiga kofi moja. Ngozi zikashuka. Jasho limewatoka wote wawili, hawajatamka neno.

Na ndiyo, mmoja alijaribu kugeuza makalio. Nimemwambia historia hiyo inatosha kusimuliwa.

Jumamosi, 28 Septemba

Safari ya Chillicothe, mwendo wa saa moja kusini kwa magari matatu ya wazazi. Kiingilio ni bure. Nilitaka waone kwamba biashara haikuletwa hapa na merikebu.

Pale Mound City kuna vilima zaidi ya 20 vya udongo ndani ya ukuta wa udongo, kazi ya watu wa miaka karibu 2,000 iliyopita ambao leo wanaitwa Hopewell. Tangu 2023 mahali hapo pamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ndani ya vilima vya utamaduni huo kumepatikana shaba nyekundu kutoka Ziwa Superior, ulanga kutoka milima ya Appalachia, kome na konokono wa bahari kutoka Ghuba ya Meksiko, na mawe meusi ya volkano, makali kama kioo, kutoka Yellowstone, zaidi ya kilomita 2,000 magharibi. Hapakuwa na farasi wala gurudumu. Mtu alibeba.

Tulisimama mbele ya jiwe moja jeusi. Mvulana wa Kigoma aliuliza kama mtu mmoja alilibeba njia nzima au lilipita mkono kwa mkono. Nimemwambia hata wataalamu wanalibishania hilo. Akafikiri, akasema babake alimwambia chumvi ya Uvinza ilikuwa inafika mbali sana bila mwenye kuichemsha kutoka kijijini kwake. Sikutegemea kuikuta Uvinza Chillicothe, na amenipa mfano bora kuliko wote niliokuwa nimeandaa.

Jumamosi, 5 Oktoba

Siku ya bei. Nilikuwa naingoja.

Tulikwenda Virginia, koloni la Jamestown, lililoanzishwa 1607. Waingereza wana njaa. Mahindi yako kwa watu wa Powhatan, mtawala wa makabila mengi ya eneo lile. Wageni wana shaba nyekundu, ambayo kwa wenyeji ni pambo la wakubwa. Mwanzoni kipande kidogo kinaleta chakula kingi. Lakini mabaharia wa merikebu zilizofuata wakaanza kuuza kila mmoja kivyake, kwa fujo, na nahodha John Smith akalalamika kwamba kilichokuwa kikinunuliwa kwa wakia moja ya shaba sasa hakipatikani hata kwa ratili nzima. Ratili ina wakia 16.

Sikuwaambia hilo mapema. Niliwapa watoto wa koloni vipande vitano vya shaba kila mmoja, na wa kijijini vikombe vya maharage. Raundi ya kwanza: kipande kimoja, kikombe kimoja. Baada ya dakika kumi niliingia na bahasha, nikasema "Merikebu imefika!", nikamwaga vipande 200 mezani upande wa koloni. Wakashangilia. Raundi ya pili: vipande vitatu kwa kikombe. Raundi ya tatu: vipande 11. Raundi ya nne, msichana mmoja wa kijijini alifunika maharage yake kwa mikono miwili, akasema, "Shaba zenu zimejaa hapa, nitazipeleka wapi?"

Hapo tu ndipo niliposoma maneno ya Smith. Kimya, halafu mvulana wa Bukavu: "Ndiyo maana Baba anasema faranga ya kwetu imelala." Sikuongeza kitu.

Sehemu ya pili ilikuwa shanga za buluu. Mapema mwaka 1608, Powhatan alimwambia nahodha Newport kwamba haistahili mtu mkubwa kama yeye kubishana bei ya vitu vidogo: weka chini mali zako zote, nitachukua nipendacho, nitakulipa nionavyo inafaa. Newport akaweka. Akapewa mahindi yasiyofika hata bushel nne. Kwa vipimo vyetu bushel moja ni karibu debe mbili, kwa hiyo hayakufika debe nane, naye alitegemea mapipa makubwa 20. Powhatan alikuwa anajua kupatana bei kwa njia ya heshima, nawaomba watoto walikumbuke hilo. Ndipo Smith akatoa shanga chache za buluu, akajifanya hataki kuziuza, akasema ni adimu, zina rangi ya mbingu, huvaliwa na wafalme wakubwa tu. Kwa ratili moja au mbili za shanga alipata bushel 200 hadi 300.

Tulijadili: Smith alidanganya? Wengi wamesema ndiyo. Wawili wamesema alikuwa mfanyabiashara. Nimewaachia. Nimewaeleza tu kwamba shanga za kioo za aina hiyo zilikuwa kazi kubwa ya mafundi wa Venice, na kwamba karne ya 19 shanga za Venice hizo hizo zilibebwa na misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Sokoni Ujiji kulikuwa na shanga nyeupe fupi zilizoitwa sofi, ambazo watu walizihesabu kama fedha. Mvulana wa Kigoma alisimama kabisa aliposikia Ujiji.

Jumamosi, 12 Oktoba

Tarehe ya Columbus imeangukia Jumamosi, katika jiji lenye jina lake. Sanamu ya Columbus iliyotolewa zawadi na mji wa Genoa ilisimama mbele ya ofisi za jiji tangu 1955 hadi ilipoondolewa Julai 2020. Wakubwa wawili darasani wanaikumbuka.

Nimefikiri wiki nzima kama nifundishe hili kwa watoto wa miaka 8. Nimeamua ndiyo, kwa sababu bila hili wiki nyingine zote zinakuwa uongo mtamu. Nilizungumza na wazazi kwa simu, mmoja mmoja. Wote wamekubali, baba mmoja amesema, "Dada, wao wanajua zaidi ya hayo. Wafundishe tu."

Watoto walipoingia, niliwaomba njuga zao. Wamezipenda tangu wiki ya pili. Wengine wamezifunga kwenye mikoba ya shule. Nikazipanga mezani. Nikasema: leo hakuna gulio. Kila mmoja ajaze njuga yake mchanga wa dhahabu kila baada ya dakika kumi. Nilikuwa nimechanganya mchanga kidogo wa rangi ya dhahabu katika ndoo mbili za udongo. Mwenye kujaza atapewa kipande cha shaba cha kuvaa shingoni. Asiyejaza atakaa pembeni.

Mwanzoni walidhani ni mchezo. Dakika ya kumi walijaza watano. Dakika ya 20 walijaza wawili, maana mchanga ulikuwa unakwisha ndoo zikibaki udongo mtupu. Kucha zimejaa matope. Binti wa miaka 11 alikuja mezani na vikombe vitatu vya maharage, akasema, "Mwalimu, mchanga hamna. Chukua haya, ni mengi kuliko njuga." Nikasema kama nilivyopanga: sitaki maharage, nataka dhahabu. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtoto huyu. Mdogo wa miaka 8 akaanza kulia, nikasimamisha papo hapo, tukakaa chini sote kwenye zulia.

Nikawaeleza. Mwaka 1495 katika kisiwa cha Hispaniola, kila Mtaino wa eneo la Cibao aliyefikisha miaka 14 alilazimishwa kuleta njuga moja iliyojaa dhahabu kila miezi mitatu. Wa maeneo mengine walidaiwa arroba moja ya pamba, karibu ratili 25. Aliyelipa alipewa kipande cha madini cha kuvaa shingoni ili ajulikane. Dhahabu ya mtoni ilikuwa haitoshi. Mtawala mmoja, Guarionex, alisema watu wake hawajui kuikusanya. Akajitolea kulima shamba kubwa la chakula, kutoka pwani moja ya kisiwa hadi nyingine, liwe la mfalme wa Hispania. Alikataliwa. Watu walikimbilia milimani, mashamba yakaachwa, njaa ikaingia. Baadaye zikaja kazi za kulazimishwa migodini na magonjwa. Katika miongo michache tu, Wataino walio wengi walikuwa wamekufa.

Niligeuka kwa binti yule. Nikamwambia: ulichosema mezani ndicho alichosema Guarionex. Akauliza, "Nilikosea?" Nikamwambia hapana, hata kidogo.

Njuga ni ile ile. Miaka mitatu kabla, waliiomba kwa furaha, wakatoa walichotaka, na wangeweza kukataa. Hilo ndilo nililoandika ubaoni, neno moja: KUKATAA. Tukaomba pamoja, tukala mandazi, tukaenda nyumbani mapema.

Jumamosi, 19 Oktoba

Hatukufanya gulio. Mama wa yule mdogo amekuja kuniambia mtoto amelala vizuri, ila hataki njuga irudi nyumbani. Nimewaachia watoto wachore. Wengi wamechora shamba.

Jumamosi, 26 Oktoba

Manhattan, kwa ufupi, na tulikuwa tisa tu kwa sababu ya mafua. Kila mtu amesikia kwamba kisiwa kile, leo moyo wa New York, kilinunuliwa kwa shanga za dola 24. Barua ya Pieter Schagen, ofisa wa Uholanzi, ya tarehe 5 Novemba 1626, ambayo ndiyo ushahidi wenyewe, inasema kimenunuliwa kwa mali ya gilda 60, fedha ya Waholanzi. Haitaji ushanga hata mmoja. Inataja pia shehena ya merikebu iliyoileta habari: ngozi za biva 7,246. Watoto waligundua wenyewe kwamba mwandishi alihesabu ngozi hadi ya mwisho, lakini hakuandika walipewa nini wenye kisiwa.

Swali lililotuchukua muda ni jingine: anayeuza ardhi anauza nini? Mtoto wa Mombasa alisema shamba la babu yake Kaloleni haliuzwi, linalimwa. Ukimkaribisha mtu alime, hujampa. Yawezekana Walenape, wenyeji wa kisiwa kile, nao walielewa hivyo, kwamba wanakaribisha.

Wampum tuligusa tu: shanga nyeupe na za zambarau zilizochongwa kwa magamba ya konokono na kome wa baharini, kwa wenyeji zilikuwa za mapatano na za kuwafariji waliofiwa, wakoloni wa Massachusetts wakazigeuza fedha halali mwaka 1637, wakaziacha 1661. Nimeleta simbi tano za Tanga wazishike, zile ambazo nyumbani tulichezea bao. Mwaka ujao wampum ipewe Jumamosi nzima.

Jumamosi, 2 Novemba

Tumeruka karne mbili, hadi safari ya Lewis na Clark, maofisa wa Marekani waliotumwa kuvuka bara hadi bahari ya magharibi, 1804 hadi 1806, kwa sababu ya vifungo vya koti. Waliondoka na zawadi na bidhaa za wenyeji zilizogharimu dola 669.50. Walipokuwa njiani kurudi, kwa kabila la Wanez Perce, hawakuwa na kitu. Tarehe 2 Juni 1806 wakubwa hao wawili walikata vifungo vya makoti yao, wakawapa McNeal na York, watu wa msafara wao, waende kubadilisha. Wakarudi na bushel kama tatu za mizizi ya kula, na mikate.

York alikuwa mtu mweusi wa asili ya Afrika, mtumwa wa Clark. Alitembea njia yote, akawinda, akauza, akanunua, na hakulipwa. Watoto walinyamaza nilipolisema hilo, kisha maswali yakaja mengi kuliko siku nyingine yoyote. Nikawapa na habari ya Sacagawea, mwanamke wa kabila la Shoshone aliyewatafsiria safarini: tarehe 20 Novemba 1805, kwenye mdomo wa mto Columbia, wakubwa walitaka joho la ngozi za fisi-maji, mwenye nalo akakataa kila kitu ila shanga za buluu, wakatoa mkanda wa shanga uliokuwa wa Sacagawea. Kesho yake alipewa koti la kitambaa cha buluu. "Lakini walimuuliza?" aliuliza msichana mmoja. Neno la ubaoni bado halijafutwa, alilinyooshea kidole.

Jumamosi, 9 Novemba

Gulio la mwisho, pamoja na wazazi. Sheria ziliandikwa na watoto: hakuna pesa, kila mtu alete vitu vitano vya kwake, hakuna anayelazimishwa, ukisema "sitaki" mwenzako anasema "asante".

Bibi wa yule binti amekuja, na kitenge chake kipya. "Shikamoo, bibi," wakasema wote kwa pamoja, akaitikia marahaba kwa kila mmoja, mpaka wa mwisho. Nilimpa kiti. Akawasimulia jinsi walivyokuwa wakishuka kutoka milimani juu ya Uvira, mihogo kichwani, kabla jua halijachomoza, na kupanda na ndagala jioni. "Siku ziwa limechafuka, ndagala kidogo, mihogo mingi, tunapunjwa. Siku mihogo imeoza mvua, wavuvi wanatubembeleza. Tulijuana. Ukimpunja mtu leo, kesho utamkuta pale pale." Yule mvulana wa miaka 9, aliyesema wajinga siku ya kwanza, alikuwa amekaa miguuni pake. Alimuuliza kama aliwahi kukataa. Bibi akasema, "Mara nyingi! Narudi nayo nyumbani, tunakula wenyewe."

Hesabu za gulio: chupa moja ya asali imepita mikono minne. Soksi zisizo na wenzake zimekwenda zote, mama mmoja wa Bukavu anatengeneza wanasesere. Mtungi mdogo wa achari ya maembe uliingia kwa skafu mbili za sufu na kutoka kwa somo la kuendesha baiskeli. Shanga za buluu zimeshikilia bei hadi mwisho.

Njuga nilizirudisha mezani pamoja na vitu vingine, kwa sababu nilitaka kuona. Hakuna aliyezitaka. Nilimwona binti wa miaka 11 akiziona, akapita. Mvulana mmoja aliwekewa njuga tatu juu ya kalamu, akazisukuma zirudi, akasema "sitaki", akajibiwa "asante". Saa sita kasoro, mtoto wa Maskati, ambaye tarehe 12 Oktoba alikuwa mgonjwa nyumbani, aliichukua moja kwa vifungo viwili vya koti na kuifunga kwenye mkoba wake. Wenzake walimtazama akipanda ngazi nayo ikilia.

Zilizobaki ni 13. Nimezitia kwenye kopo la maharage, juu ya kabati.